Adui Walao Katika Jiko la Mmea

Mabwana na mabibi, wakulima wa Misungwi na wa nchi zote za kandokando ya ziwa, na ninyi wanafunzi mnaosoma maneno haya darasani: leo tuzungumze habari za wezi. Si wezi wa ng'ombe, wala wezi wa kuvunja nyumba, bali wezi walao mazao yetu yangali shambani. Twawajua kwa kazi yao: jani la mhindi lililojaa vumbi la rangi ya kutu, jani la mpamba lenye mabaka meusi, kiazi kilichogeuka maji, muhogo wenye majani yaliyojikunja. Watu husema, "Shamba limeugua," nao husema kweli. Lakini ni wachache waulizao swali lililo kubwa kuliko yote: Je, ugonjwa huu unakula nini?

Swali hili si la mchezo. Ugonjwa wa mimea si upepo mbaya, wala si laana. Ni kazi ya adui mdogo mwenye njaa, na chakula chake ni kile kile ambacho mkulima alitumaini kukiweka ghalani. Tukijua kila adui anakula nini, na anakipataje, twaweza kumpiga kwa silaha isiyohitaji fedha nyingi, nayo ni kumnyima chakula.

JIKO NA GHALA

Kwanza sharti tujue chakula chenyewe hutoka wapi. Mmea haununui chakula, hujipikia. Jiko lake ni jani, na moto wake ni mwanga wa jua. Mizizi huvuta maji na chumvi za udongo, na jani huvuta hewa ya ukaa kwa matundu madogo mno yaliyo kwenye ngozi yake. Katika jani vitu hivyo hupikwa vikawa sukari. Sukari hiyo ndiyo mwanzo wa vyote: wanga wa muhogo, mafuta ya karanga, na hata nyuzi nyeupe za pamba.

Ndani ya mmea mna barabara mbili. Moja hupandisha maji kutoka mizizini kwenda majanini. Nyingine huchukua sukari kutoka majanini na kuipeleka panapohitajiwa, penye mzizi, penye tunda, au penye chipukizi. Nao mwili wa mmea wote umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Kila seli ina ukuta mgumu kwa nje, na ndani ya ukuta huo ina ngozi laini inayolinda mali iliyomo.

Basi hapo ndipo shida ya mwizi ilipo. Chakula kipo tele, lakini kimefungiwa nyuma ya ukuta na nyuma ya ngozi. Kila adui amejifunza njia yake ya kukipata, na kwa njia hiyo twaweza kumtambua.

MGENI ASIYETAKA MWENYEJI AFE

Tuanze na kutu, ile ionekanayo juu ya majani ya mahindi, maharage na mibuni. Kutu ni kuvu, yaani ni ndugu wa ukungu na uyoga. Mbegu yake ni vumbi liletwalo na upepo. Ikianguka juu ya jani lenye umande, huota uzi mwembamba unaotambaa hata kupata tundu la kupumulia la jani, ukaingia. Ndani huo uzi hutoboa ukuta wa seli, lakini hauipasui ile ngozi laini. Huisukuma tu kwa ndani, kama mtu asukumavyo kidole katika kibofu kisipasuke. Kidole hicho ndicho kinywa cha kutu. Kwa kinywa hicho hunyonya sukari na vyakula vingine polepole, na seli yangali hai. Mwaka 2001 wataalamu wa Ujerumani, walipochunguza kutu ya aina moja ya maharage ya Ulaya, walitambua katika vinywa hivyo mlango hasa unaopitisha sukari.

Adui wa namna hii hataki kuua. Mwenyeji akifa, naye hana chakula. Kwa hiyo aghalabu utaona jani limeanza kugeuka manjano, lakini mahali palipo na kutu pamebaki kijani, kwa kuwa mwizi anatunza jiko analoiba. Lakini msidanganyike na upole wake. Kutu ya mibuni iliandikwa habari zake kwa mara ya kwanza mwaka 1861, karibu na ziwa letu hili, kwenye mibuni ya mwitu. Mwaka 1869 ilionekana Seloni, nchi iitwayo leo Sri Lanka, na baada ya miaka si mingi kahawa ya kisiwa kile iliharibika hata wenye mashamba wakageukia chai.

MWIZI AAMURUYE MLANGO UFUNGULIWE

Wa pili ni bakteria wa mpamba. Yeye ni mdogo mno, hana uzi wala kidole. Huingia kwa matundu ya jani wakati wa mvua, au kwa jeraha, akakaa katika nafasi zilizo baina ya seli. Hapo amezungukwa na vyakula vilivyofungiwa, naye hana ufunguo. Afanyeje?

Hutumia hila ambayo haikujulikana mpaka karne hii. Ana kitu kama sindano ndogo, na kwa sindano hiyo huingiza ndani ya seli amri ya uongo. Amri hiyo huamsha mlango wa sukari ambao mmea wenyewe huutumia kwa kazi zake nyingine. Mwaka 2010 wataalamu walieleza habari za milango hiyo, na mwaka 2017 ikaonyeshwa kwamba bakteria wa mpamba naye hufungua mlango wa namna hiyo. Basi seli humwaga sukari yake nje kwa mkono wake mwenyewe, na bakteria hula na kuongezeka. Jani hufanya mabaka kama yaliyolowa maji, yenye pembe kwa sababu mishipa ya jani huyazuia yasienee, kisha mabaka hukauka yakawa meusi. Ugonjwa ukifika kwenye tawi, tawi huwa jeusi likavunjika, na kwa hiyo Waingereza waliupa jina la mkono mweusi. Ukifika kwenye tumba la pamba, nyuzi huoza.

Hapa Misungwi tunacho kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ambacho tangu miaka ya 1930 kimekuwa kikichagua mbegu za pamba. Mbegu kama UK 77, UK 82 na UK 91 zimepewa herufi za kwanza za jina la kituo hicho. Mbegu yenye kinga haina ukuta wa chuma. Kinga yake kubwa ni kumtambua mwizi mapema. Seli chache zilizo karibu naye hujiua ghafula na kukauka, na mwizi hubaki katika nyumba tupu. Mmea umepoteza punje moja ili uokoe gunia. Kinga ya namna hiyo hufaa pia kwa kutu, maana kutu haiwezi kula katika seli iliyokufa.

MUUAJI ALAYE MZOGA

Lakini wako adui wengine ambao kifo cha seli si hasara kwao, ndiyo karamu yao. Mfano wake ni ukungu mweusi unaoozesha viazi vitamu baada ya kuvunwa. Huo hauna subira ya kunyonya. Hutoa maji makali yanayoyeyusha gundi inayoshikanisha seli na seli. Kiazi hulegea, seli hufa, na vyote vilivyomo huwa kama mchuzi. Ndipo ukungu hunywa mchuzi ule. Mwanadamu hula kwanza kisha tumbo likayeyusha. Ukungu huu huyeyusha kwanza nje ya mwili wake, kisha ukala.

Kwa kujua hayo twaona mambo mawili. La kwanza, ukungu huu hauna nguvu ya kutoboa ngozi nzima ya kiazi. Huingia penye jeraha la jembe, au palipochubuka wakati wa kubeba. Basi mtu achimbaye kwa uangalifu, akavitenga viazi vilivyokatwa ili viliwe kwanza, amemfungia mwizi mlango. La pili, mchuzi hauwezi kuwapo pasipo maji. Wazee wa Usukuma, waliokata viazi na kuvianika viwe michembe, au kuvichemsha kwanza na kuvianika viwe matobolwa, walikuwa wameshika elimu hii kwa mikono yao: chakula kikavu chaweza kuwa kitamu namna gani, lakini ukungu hauwezi kukinywa. Ila kikilowa tena ghalani, karamu huanza.

AINGIAYE KAMA MGENI AKATOKA KAMA MUUAJI

Baina ya mgeni na muuaji yuko wa tabia mbili. Mnyauko wa pamba, ulioonekana katika mashamba ya pande za ziwa katika miaka ya 1950, huletwa na kuvu akaaye udongoni. Huingia kwa mizizi, na vijiminyoo vya udongoni vitoboavyo mizizi humsaidia kupata njia. Kwa hiyo mashamba ya kichanga, yale yaitwayo luseni, huumia zaidi, maana vijiminyoo hivyo hupenda udongo mwepesi.

Akiisha kuingia, huenda moja kwa moja kwenye barabara ya maji. Mwanzoni hukaa kimya, akila vyakula vichache vilivyomo katika maji yale. Kisha huongezeka, na mmea nao hujitahidi kumzuia kwa kuziba njia zake wenyewe. Barabara hufungika. Majani huwa manjano kando, kisha hunyauka ijapokuwa udongo una maji. Ukikata shina, utaona ndani alama ya kahawia. Sasa mgeni amekuwa muuaji, naye hula mwili wa mmea uliokufa. Baadaye hujifunga katika mbegu zake ngumu na kulala udongoni miaka mingi akingoja mpamba mwingine. Adui kama huyo hashindwi kwa kuliacha shamba mwaka mmoja. Hushindwa kwa mbegu yenye kinga, na kwa kutochukua mbegu katika shamba lililougua.

ASIYEKULA ILA HUAMURU APIKIWE

Tena yuko adui wa ajabu kuliko hao wote. Virusi hana kinywa, hana tumbo, wala hali kitu. Yeye ni kama barua tu, barua yenye amri. Akiingia katika seli, seli huisoma amri hiyo kana kwamba imetoka kwa bwana wake, ikaacha kazi zake na kutumia vyakula vyake kuandika nakala za barua ile, maelfu kwa maelfu. Nakala hizo hupita katika barabara ya sukari zikaenea mmea mzima.

Hivyo ndivyo ilivyo batobato ya muhogo. Mjerumani aitwaye Warburg aliandika habari zake mwaka 1894, kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Majani huwa na mabaka ya manjano na hujikunja, jiko hupungua, na mizizi hubaki myembamba. Ndugu yake ni michirizi ya kahawia, ambayo H. H. Storey wa kituo cha Amani, Usambara, aliieleza mwaka 1936. Huo ni wa hila zaidi, kwa maana majani yaweza kuonekana mazuri, na mwenye shamba akatumaini udaga wa kumtosha mwaka mzima. Hata siku ya kung'oa, akakuta mihogo ina vidonda vikavu vya kahawia ndani, haifai kuliwa wala kuuzwa.

Magonjwa haya mawili huchukuliwa na inzi weupe wadogo, wanyonyao utomvu chini ya majani. Lakini mchukuzi wake mwingine ni sisi wenyewe. Pingili tunayoikata katika shina lenye ugonjwa hubeba barua ile ndani yake, nasi huipanda kwa mikono yetu. Hakuna dawa ya kunyunyiza iwezayo kumtoa virusi ndani ya muhogo. Dawa ni kukata pingili katika mimea iliyo safi, kupanda mbegu zilizochaguliwa kwa kinga, na kuing'oa michanga iliyougua mapema kabla inzi hawajaigusa.

MMEA UNYONYAO MMEA

Wa mwisho mnamjua sana, naye si kuvu wala bakteria. Ni kiduha, ambacho wengine hukiita gugu chawi, chenye maua mazuri ya zambarau chini ya mtama na mahindi. Watu hustaajabu kuona mtama umedumaa kabla hata gugu hili halijatokeza juu ya udongo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya wizi wake hufanyika chini, gizani.

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi. Shina moja laweza kutoa makumi ya maelfu, nazo hukaa udongoni hata miaka kumi na zaidi. Lakini mbegu hiyo haina akiba ya chakula. Ikiota pasipo mzizi karibu, itakufa baada ya siku chache. Kwa hiyo hungoja ishara. Mizizi ya mimea hutoa dutu fulani kidogo sana, na kazi yake moja ni kuwaita kuvu wema wa udongoni waje kuusaidia mmea kupata chumvi za udongo. Kiduha husikia mwito huo usiokuwa wake, kikaota, kikaugusa mzizi, kikaupenya hata kufika kwenye barabara ya maji. Kisha hufungua matundu ya majani yake wazi kabisa ili kivute maji kwa nguvu kuliko mwenyeji, na pamoja na maji huvuta chumvi na chakula.

Hapa mkulima apate kujua jambo. Udongo ukiwa maskini, mzizi huita kwa nguvu zaidi, na kiduha huota zaidi. Ndiyo sababu gugu hili hushamiri katika shamba lililochoka, likapandwa mtama juu ya mtama mwaka baada ya mwaka. Samadi ya zizi hulisha mtama, na wakati huohuo hupunguza mwito umwitao mwizi.

Na jambo la pili ni zuri zaidi. Mwaka 1966 wataalamu wa Marekani walipata dutu ya kwanza ya namna hiyo, nao waliipata katika mizizi ya pamba! Lakini kiduha hakiwezi kula pamba. Basi mtu akipanda pamba mahali palipokuwa na mtama, mbegu za kiduha husikia mwito, huota, hutafuta mlango, hazioni, zikafa kwa njaa. Pamba imeita mwizi kwenye karamu isiyokuwapo. Mwaka mmoja hautoshi, maana mbegu ni nyingi mno, lakini kila mbegu iotayo bure ni moja iliyopungua. Na shina la kiduha ling'olewe kabla halijatoa mbegu, si baada ya maua kukauka.

MASWALI MATATU

Mabwana na mabibi, mmeona kwamba neno "ugonjwa" ni jina moja la watu wengi. Mmoja hunyonya kimya, mwingine hufunguliwa mlango kwa amri ya uongo, mwingine huua kwanza, mwingine huamuru apikiwe. Kwa sababu hiyo hakuna dawa moja ya wote, na mtu anunuaye dawa asiyoijua kwa ugonjwa asioujua ametupa fedha yake.

Basi mkulima aonapo alama mbaya shambani, ajiulize maswali matatu. La kwanza, adui huyu ameingia kwa mlango gani: upepo, jeraha, mbegu, inzi, au udongo? La pili, anakula kilicho hai au kilichokufa? La tatu, mavuno yakiisha, atalala wapi mpaka msimu ujao? Bakteria wa mpamba hulala katika mbegu na katika mabaki ya mimea. Ndiyo maana kung'oa na kuchoma miti ya pamba baada ya mavuno, jambo ambalo wengi huliona kuwa ni kazi ya kumwogopa funza tu, ni kumchomea na huyu kitanda chake. Kutu huhitaji jani bichi. Kwa hiyo mahindi yajiotayo yenyewe yasiachwe yakawa daraja la kuvukia kutoka msimu hadi msimu. Virusi hulala katika pingili, kiduha katika udongo, ukungu wa viazi karibu kila mahali.

Asiyeweza kuyajibu maswali hayo peke yake, na achukue jani, mzizi au shina lililougua ampelekee bwana shamba au bibi shamba, asipeleke maneno matupu. Nanyi wanafunzi, kateni shina la mpamba ulionyauka na shina la mpamba mzima, myatazame kwa pamoja. Mtajifunza zaidi ya niwezavyo kusema hapa. Chakula kilichopikwa na jani kwa jua la Mungu kina walaji wengi wanaokingojea. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba watoto wetu ndio wanaokifikia kwanza.

Kwaherini.